Tela la kambi huvunjikia shingoni

Mwaka 1940, jeshi la Marekani lilipokuwa likitafuta gari dogo la kupita popote, kampuni ya American Bantam ya mjini Butler, Pennsylvania, ndiyo iliyowasilisha gari la kwanza la majaribio. Mikataba mikubwa ya kutengeneza jeep ikaenda kwa Willys na Ford. Bantam wao wakaishia kutengeneza tela la kuvutwa na jeep hiyo, la kubeba robo tani. Nalitaja tela hilo kwa sababu kila anayechomelea tela la kambi uani kwake, ajue asijue, anarudia maamuzi yaliyofanywa pale. Upana kati ya magurudumu yake ulilingana na wa jeep. Matairi yalikuwa yaleyale. Bodi halikupitisha maji, hivyo liliweza kuelea mtoni. Na badala ya kiungo cha kubana, lilikuwa na pete nene ya chuma iliyoingia kwenye ndoano nyuma ya gari, ikawa huru kugeuka kila upande.

Ukilitazama vizuri utaona jambo la msingi: lilikuwa jepesi. Matela mengi yanayotengenezwa nyumbani yanakosea hapo. Mjenzi anaifikiria barabara ya Maralal kwenda Loiyangalani, au ile ya kandokando ya Ziwa Natron kuelekea Loliondo, anaingiwa na hofu, kisha anamwambia fundi aongeze unene wa chuma. Hofu hiyo ina haki, lakini dawa siyo hiyo. Ni nadra tela kuvunjwa na mzigo mmoja mzito. Linavunjwa na mitikisiko midogo ya barabara ya changarawe, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ukiwa hauna madhara ukiutazama peke yake. Kunja waya na kuukunjua: mara ya kwanza hautakatika, lakini endelea tu. Huo ndio uchovu wa chuma, na kadiri tela linavyozidi uzito ndivyo kila mtikisiko unavyozidi nguvu.

Tuangalie hesabu. Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 6 lina uzito wa karibu kilo 8 kwa kila mita. Bomba la 75 kwa 50 lenye unene wa milimita 3 tu, likisimamishwa kwa ule upande mrefu, lina karibu kilo 5 na nusu. Kwa kustahimili kupindwa, hilo la pili linalishinda la kwanza kidogo, na kwa ugumu wa kutopinda linalishinda kwa zaidi ya nusu. Sababu ni kwamba kimo cha chuma kina faida kubwa kuliko unene wa kuta zake. Fremu yenye mita 14 za bomba itakuwa imepungua kilo 35 hivi kwa uamuzi huo mmoja, na bei ya chuma itashuka pamoja nazo.

Sasa tuje shingoni, mahali ambapo mkono wa kukokotea unatoka chini ya bodi. Hapo ndipo nguvu ya kupinda inapokuwa kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mkono, na ndipo matela mengi hupasuka. Fundi wa haraka hukata mkono, akauchomelea kwenye uso wa chuma cha mbele cha fremu, akaamini rangi itaficha mengine. Usikubali. Mkono upite chini ya chuma hicho cha mbele na uendelee nyuma, walau hadi kwenye viti vya springi, ili nguvu ya kuvuta iifikie ekseli bila kutegemea kiungo kimoja. Mikono miwili inayokutana mbele kwa umbo la V ni bora kuliko mmoja wa katikati.

Namna ya kuchomelea ina uzito uleule. Mshono uende kwa urefu wa bomba, kwenye kuta za pembeni. Usipite kwa kukatiza chini au juu ya bomba, kwa kuwa nyuzi za chuma za huko ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi, na joto la kuchomelea limekwisha kuzidhoofisha. Ukiongeza bamba la kuimarisha, likate ncha zake ziwe zimechongoka, usiliache na ukingo ulionyooka. Bamba lenye ukingo wa namna hiyo huhamisha tatizo tu: ufa utaanzia pale linapoishia. Tundu la bolti nalo litobolewe katikati ya ukuta wa pembeni, ambako chuma hakifanyi kazi kubwa. Mafundi wetu wanaorefusha chasisi za Land Cruiser za utalii hawatashindwa na haya. Wanachohitaji ni mteja anayejua cha kuagiza na asiyewaharakisha.

Mizani ya mzigo ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi, ingawa haigharimu chochote. Uzito unaokalia kiungo cha gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Ukipungua, tela litaanza kuyumba kwenye lami na kulivuta gari huku na huku. Ukizidi, nyuma ya gari itakaa chini na usukani utakuwa mwepesi. Tuseme tela lililojaa lina kilo 700, na kutoka ekseli hadi kiungo ni mita 2.5. Kwa asilimia 12, kiungo kinabeba kilo 84, na kitovu cha uzito kinapaswa kuwa sentimita 30 mbele ya ekseli. Sasa weka tangi la lita 60 za maji mita moja mbele ya ekseli. Maji yakiisha, kiungo kinabaki na kilo 60 kwenye tela la kilo 640, yaani asilimia 9 na ushei. Umeondoka nyumbani na tela tulivu, unarudi na linaloyumba. Kwa hiyo tangi likae chini kabisa, juu ya ekseli au mbele yake kidogo sana. Kupima ni rahisi: tela likiwa sambamba na ardhi, simamisha kipande cha mbao juu ya mizani ya kupimia uzito wa mtu, kiungo kikikalie.

Kuhusu magurudumu, fuata jeep. Tumia habu zinazopokea rimu za gari lako, ili tairi moja la akiba lifae gari na tela. Hilux ya magurudumu manne ina bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7, lakini Land Cruiser ya 200 ina bolti 5 kwenye duara la milimita 150, kwa hiyo usinunue ekseli kabla ya kupima. Upana ukilingana, kwenye mchanga tela litapita kwenye njia ambayo gari limekwisha kuikandamiza. Springi za pikapu ya tani moja ukizifunga kama zilivyo chini ya tela la kilo 600, litaruka badala ya kunesa. Punguza vipande hadi zikae sawa na mzigo, kisha funga shokapu. Hewa ya matairi nayo iwe pungufu ya ile ya gari, maana mzigo ni mdogo.

Waya usidharauliwe. Betri ya tela inayochajiwa kutoka kwenye gari kwa ampea 10, kupitia waya wa milimita mraba 2.5 wenye mita 8 za kwenda na 8 za kurudi, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani na haitajaa. Waya wa milimita mraba 10 hupoteza robo ya hiyo tu. Kila taa iwe na waya wake wa kurudi, isitegemee chuma cha kiungo.

Ulaya na Australia, tela lisilo na breki zake lenyewe linaishia kilo 750. Kwa njia zetu za miteremko, ningeuheshimu mpaka huo hata pasipo askari wa kuuliza, na ukiuvuka, funga breki. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono, iudake kiungo kikichomoka.

Mwisho, usipake rangi ya kumalizia kwanza. Paka ya kuzuia kutu peke yake, jaza maji na mizigo yote, pitisha tela kwenye mizani ya magari, kisha livute kilomita 200 za njia mbovu iliyo karibu nawe. Ukirudi, ingia chini na tochi, ukague kila mshono wa shingoni na kwenye viti vya springi. Ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, na ukiuona hapo uani unaweza kuuchomelea siku hiyohiyo.