Ukimya wa Jirani: Juu ya Kitabu cha Malkki na Wakimbizi wa Kigoma

Kitabu cha Liisa Malkki, Purity and Exile, kilichopigwa chapa mwaka 1995, kimesifiwa sana, na sifa hiyo chaistahili. Habari zake zilikusanywa mwaka 1985 na 1986 miongoni mwa Wahutu walioyakimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Baadhi yao waliwekwa katika makazi ya Mishamo; wengine waliishi mjini Kigoma, wakichanganyika na wenyeji. Wa Mishamo walilishika jina la mkimbizi kama cheo. Wa mjini walilikwepa. Wakaoa na kuolewa, na wengine wakajiita Waha au watu wa Kigoma tu.

Hapo ndipo kitabu kinapopungua. Kujisitiri kwa watu wa mjini chakieleza zaidi kama ustadi wao wenyewe, kana kwamba majirani hawakuwa na masikio. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Guthrie aliziweka katika kundi moja, D.60, na wasemaji wake huelewana pasipo mkalimani. Lakini kuelewana si kufanana. Maneno machache, hata ya kuomba maji, yatosha kumjulisha Mha kwamba anayesema hakuzaliwa Heru. Basi mtu aliyejiita Mha mbele ya Waha hakuwa amefichika hata kidogo. Alikuwa amesitiriwa.

Kiswahili nacho kilisaidia. Ujiji, tangu zama za misafara, umekusanya watu wa pwani, Wamanyema kutoka Kongo na Waha wenyewe, na lafudhi ngeni si ajabu sokoni pale. Aliyetoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, alikuja na lugha ya mji tayari kinywani.

Huko Le Chambon-sur-Lignon, Ufaransa, kati ya mwaka 1940 na 1944, wanakijiji waliwaficha Wayahudi majumbani na mashambani, na habari zao zimeandikwa sana. Kigoma hapakuhitajiwa dari wala ghala; ilitosha jirani asiulize, na akiulizwa aseme, “Huyu ni wa kwetu.” Tendo la namna hiyo haliachi alama katika daftari, na pengine ndiyo sababu mtafiti hulipita. Wala halikuwa la huruma tupu: asiye na karatasi hulipwa kidogo shambani, na mwenye shamba ajua faida ya kunyamaza.

Uzito wake ulionekana mwaka 1997, askari walipowakusanya Warundi vijijini mkoani Kigoma na kuwapeleka kambini, wakiwamo waliokaa miaka mingi na waliooana na wenyeji. Neno moja la jirani liliweza kumtenga mtu na mkewe.

Masimulizi ya Mishamo Malkki ameyapanga kwa uangalifu mkubwa, hata msomaji akazisikia sauti zao. Sauti ya mwenyeji wa Kigoma, aliyejua na asiseme, haikupewa nafasi ya namna hiyo. Na waliokuwa watu wazima mwaka 1972 sasa ni wazee sana.