Ndia Kuu Si Kosa la Tahajia

Tulikuwa na siku mbili tu Mombasa: mimi, mama watoto, binti yetu wa kidato cha tatu, na mdogo wake ambaye kwake mji mzima ulikuwa ni bahari na viazi karai. Nilibeba Diwani ya Muyaka bin Haji, nakala kuukuu yenye jalada lililobanduka, nikijidanganya kwamba nitaisoma nikiwa nimekaa kivulini pale Fort Jesus. Wapi! Jua lilikuwa kali na mtoto alitaka kupanda kila mzinga. Lakini jioni, tukikata mitaa ya Mji wa Kale, binti alisimama mbele ya jina la barabara akaanza kucheka.

"Baba, ona, wamekosea. Ni njia, si ndia."

Nikamweleza kwamba hapo hakuna kosa, hicho ndicho Kimvita. Ndia ni njia, nti ni nchi, mato ni macho, mtele ni mchele. Ndia Kuu ni njia kuu, basi. Akafikiri kidogo. "Kumbe ni uhuru wa mshairi."

Mama yake aliangua kicheko, barabara nzima kupewa uhuru wa mshairi. Mie sikucheka. Waliomfundisha hivyo ni watu kama mimi. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na mara ngapi nimeweka shairi la zamani mbele ya darasa, nikauliza mshairi ametumiaje uhuru wake, na mtoto akijibu "ametumia mato badala ya macho, hiyo ni tabdila", nikampa alama zake na kusonga mbele.

Hebu tulitazame jibu hilo vizuri. Tabdila ni mshairi kubadili herufi katika neno, bila kuongeza wala kupunguza mizani, aghalabu ili vina vikae sawa. Maana yake ni kwamba alikuwa na neno moja kinywani, akalipindua kwa shida ya ushairi. Sasa Muyaka alikuwa na macho gani ya kuyapindua yakawa mato? Alizaliwa Mombasa takriban mwaka 1776 na kufariki takriban 1840. Kiswahili tunachokiita sanifu kilichaguliwa mwaka 1928, karibu miaka tisini baada ya kufa kwake, pale wajumbe wa serikali za kikoloni walipokubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi. Na mkutano huo, kwa kejeli ya historia, ulifanyika Mombasa. Yaani waliketi katika mji wa Muyaka wakaamua kwamba lugha ya Muyaka si ya kuandikia vitabu. Tangu hapo mzee wa watu anasomwa kama mtu aliyekuwa akikosea kwa ruhusa.

Najua wako walimu wanaokubali jibu la "lahaja". Afadhali. Lakini hata hao huiorodhesha lahaja chini ya kichwa kilekile cha uhuru wa mshairi, pamoja na inkisari na mazida na kuboronga sarufi, kana kwamba Muyaka alikuwa na sanduku la lugha mbalimbali, akachagua Kimvita siku hiyo kwa ajili ya mapambo. Mtu hapewi uhuru wa kusema lugha ya mama yake.

Mtu anaweza kusema haya ni mabishano ya walimu tu. Si kweli, kwa sababu yanabadilisha namna tunavyomsikia. Ukiamini kwamba kila neno lisilo la Kiunguja limelazimishwa, utamwona Muyaka kama fundi anayehangaika na mizani, anakata hapa, anabandika pale. Ilhali sifa yake kubwa ni kinyume cha hayo. Ana mstari wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, na ndani yake anagomba, anatania, anauliza na kujijibu, anamrushia mtu dongo, na yote yanatoka kama mazungumzo ya watu waliokaa barazani. Ugumu wake mwingi uko kwenye mafumbo, katika nani anasemwa na kwa nini. Maneno yenyewe, kwa watu wake, yalikuwa maneno ya kila siku. Mwanafunzi wetu anaona jasho mahali ambapo mshairi alikuwa anapumua tu.

Matembezi yale yalinitilia shaka juu ya jambo jingine pia. Kuna sifa ambayo wahakiki wamempa Muyaka na ambayo mimi nimeirudia darasani bila kufikiri: kwamba aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Ni maneno matamu, na yana ukweli wake, maana kabla yake tungo nyingi zilizohifadhiwa ni tenzi za dini, na yeye anatunga juu ya siasa, mapenzi, umaskini na ugomvi wa nyumbani. Lakini tembea mwenyewe. Kutoka Msikiti wa Mandhry, ambao unasemekana ulijengwa mwaka 1570, hadi bandari ya zamani ambako majahazi yalishusha bidhaa ni mwendo wa dakika chache, tena na mtoto mdogo anayeburura miguu. Watu ni walewale. Aliyeswali alasiri ndiye aliyekuwa akipatana bei muda mfupi baadaye. Msemo ule unatufanya tufikirie miji miwili, mmoja wa ibada na mmoja wa dunia, na Muyaka akivuka mpaka. Nadhani hakuvuka popote. Ni kwamba tungo za dini ziliandikwa na kunakiliwa, na za barazani zilibaki vichwani mwa watu mpaka mtu alipoona zina thamani ya karatasi.

Na aliyeona hivyo kwanza ni mtu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyezikusanya tungo hizi kutoka kwa waliozikumbuka, akifanya kazi na mmishonari W. E. Taylor, mmoja wa wazungu wachache waliokiheshimu Kimvita hasa. Baadaye W. Hichens akazichapisha mwaka 1940. Ukilitazama jalada utadhani kazi yote ni ya Hichens. Kisha Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa mwaka 1979 kitabu ambacho ndicho kinachomweka Muyaka katika mji wake na vita vyake, na bado sijaona kilichokipita. Tatizo ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anayetaka kuelewa shairi la Kimvita analazimika kuzungukia Kiingereza kwanza, kama mtu anayetoka Kisauni kwenda Nyali kupitia Nairobi.

Siku ya pili tulirudi ngomeni, safari hii asubuhi na mapema. Wareno waliianza mwaka 1593, Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na hatimaye ikawa makao ya Mazrui, ambao Muyaka aliwatetea kwa ulimi wake dhidi ya Seyyid Said. Nilimwonyesha binti mlango wa bahari chini ya ukuta, jinsi ulivyo mwembamba. Nilikuwa nimeusoma tu; sikujua kwamba ukisimama pale unaweza karibu kuwahesabu watu walio ndani ya chombo kinachoingia. Unapoelewa hivyo, tungo za kujigamba na kutishia zinasikika tofauti. Ni mtu anayesema na jirani anayemwona. Na jirani alijibu: Lamu nako walikuwepo washairi. Mwaka 1837 Said aliuchukua mji, wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kupelekwa mbali, na Muyaka akaishi miaka michache iliyobaki katika mji ulioshindwa.

Hapo binti alinikatiza. "Sasa baba, kwenye mtihani niandike nini?"

Nilianza kumweleza habari za msamiati wa mazingira ya mshairi, na athari za lahaja, na kwamba anaweza kujieleza kwa sentensi mbili. Alinisikiliza kwa adabu. "Lakini mwalimu amesema mato ni tabdila. Nikiandika hayo yako, atanipa?"

Mama yake alikuwa ananitazama. Mdogo wake alikuwa tena juu ya mzinga.

Nikamwambia aandike tabdila.

Muhula uliofuata swali lilikuja kweli. Aliandika hivyo, akapata alama zote mbili, akaja kunionyesha karatasi.