Kuchapa, Kuchapisha na Kuprinti: Istilahi za Uchapaji katika Zama za Mitambo ya Kidijitali

Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yatumikayo katika kazi ya uchapaji, hasa tangu mitambo ya kidijitali ilipoanza kushika nafasi ya ile ya zamani. Mifano yetu mingi tumeichukua Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa sababu mbili. Kwanza, huko mashine mpya imewafikia watu wengi kupitia duka dogo la steshenari, wala si kupitia kiwanda kikubwa chenye wahariri na wasahihishaji wake. Maneno yake yameundwa kaunta, baina ya fundi na mteja. Pili, Kyela ni mpakani. Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu umekwisha kuingia Malawi, na lugha ya jirani ni kioo kizuri cha kujitazamia.

Tungependa kueleza mapema lalamiko letu ni lipi. Hatukusudii kumsuta mtu wa kaunta kwa kusema "kuprinti". Tunawalalamikia wenzetu wa maofisini, watafsiri na waandishi wa nyaraka, ambao wamelichukua neno "kuchapisha" na kulibebesha kila mzigo, hata likawa halina maana moja ya kutegemewa.

Asili ya chapa

Neno "chapa" lina asili ya Kihindi, na maana yake ya kwanza ni alama iachwayo na kitu kilichogandamizwa juu ya kingine. Maana hiyo bado ni hai. Ng'ombe hupigwa chapa, gunia la kakao hutiwa chapa kabla ya kuondoka ghalani, na mfuko wa mchele wa Kyela hunadiwa kwa chapa yake. Mtambo wa vitabu ulipofika pwani yetu, neno lilikuwa tayari kuupokea, kwa kuwa mtambo ule nao ulifanya kazi ya kugandamiza: herufi za risasi zilipangwa moja moja, zikapakwa wino, kisha zikakandamizwa juu ya karatasi. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliwafundisha vijana kazi hiyo. Katika Ziwa Nyasa lenyewe, kabla ya mwaka 1900 wamisionari walikuwa na mitambo kisiwani Likoma na huko Livingstonia, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa kupanga herufi. Kwetu Tanzania jina la kazi hiyo limehifadhiwa katika cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Wako wasemao kwamba, maadam mtambo wa kidijitali haupigi wala haugandamizi herufi yoyote, basi hauwezi kusemwa kuwa "unachapa", na kwamba yatupasa kuunda kitenzi kipya kitokanacho na "tarakimu". Ni kweli kwamba kazi imebadilika. Katika aina moja ya mitambo hiyo, unga wa wino hushikwa kwa nguvu ya umeme mahali penye maandishi, ukahamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto ili ugande. Katika aina nyingine, matone madogo mno ya wino hurushwa juu ya karatasi bila kitu chochote kuigusa. Lakini hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa imechelewa sana. Aloys Senefelder alipovumbua uchapaji wa jiwe karibu na mwaka 1796, alitegemea mafuta na maji yanavyokataana, wala si herufi zilizoinuka. Ofseti iliyofuata ilirithi kanuni hiyohiyo, na vitabu vyetu vingi vya shule vimetoka katika ofseti. Hakuna aliyedai kwamba vitabu hivyo havikuchapwa.

Hapo ndipo jirani zetu wanapotufaa. Katika Kichewa, lugha ya taifa ya Malawi, kuchapa kitabu ni "kusindikiza". Mswahili akisikia hivyo hucheka, maana kwake kusindikiza ni kumtoa mgeni hadi njiani. Lakini neno hilo kwao lina maana ya kushindilia, na nasi tunayo "sindika", tukamualo mafuta. Waarabu nao, kwa neno walilotupa la "matbaa", walianzia kwenye muhuri. Mataifa haya yote yalilipa jina jambo hili kutokana na mkono ulivyobonyeza, kisha mkono ukaondoka na jina likabaki. Basi "kuchapa" kunatosha. Ikibidi kutaja aina ya mtambo, tuseme "uchapaji wa kidijitali" kama tusemavyo "uchapaji wa ofseti".

Maneno ya kaunta

Tukiingia katika duka la steshenari mjini Kyela, tutamkuta mwalimu aliyeleta mtihani katika flashi, katibu wa chama cha ushirika mwenye fomu za wakulima, na kamati ya harusi iliyofuata kadi za michango. Karibu wote husema "niprintie" au "nitolee". Kitenzi hiki cha pili ni cha Kiswahili safi, nacho hueleza akionacho mteja: karatasi inatoka. "Kutoa nakala" ni usemi unaostahili kukaribishwa hata katika nyaraka, kila inapokuwa asili ipo na kinachotakiwa ni mfano wake. Una faida ya kuturahisishia pale wengine wanaposhindana kama neno sahihi ni "kurudufu" au "kudurufu".

Ama kuhusu "kuprinti", tulikuwa na dhana kwamba ni uvivu tu wa wasemaji. Orodha ya bei iliyobandikwa ukutani ilitusahihisha. Iliandikwa bei ya "kuchapa" ukurasa mmoja, na chini yake bei nyingine ya "kuprinti" ukurasa mmoja. Kuchapa, kwa wenye duka, ni kuandika maandishi ya mteja kwa kubonyeza vibao vya kompyuta. Kuprinti ni kuyatoa katika karatasi. Kosa hilo tulilianzisha sisi wa maofisini. Tangu enzi za taipu tumewaita makarani wa taipu "wachapaji", na barua iliyopigwa taipu tukasema "imechapwa". Taipu ilikuwa ikigonga karatasi papo hapo, kwa hiyo kuandika na kuchapa kulikuwa tendo moja. Kompyuta imeyatenga matendo hayo mawili, na mwenye duka, ambaye hutoza kila moja peke yake, alihitaji maneno mawili. Kiswahili sanifu hakikumpa, akaazima.

Funzo tulipatalo ni kwamba neno geni huingia pale palipoachwa wazi. Hatuwezi kuling'oa "kuprinti" kwa kukemea. Litapungua lenyewe iwapo "kuchapa" kutaondolewa mzigo wa taipu. "Kutaipu" kumekwisha kuzoeleka, na kunafaa kubaki kuwa jina la kazi ya vibao vya herufi.

Hasara ya kuchanganya

Mtu wa kaunta, basi, ameyatenga matendo yake. Mwandishi wa ofisini ameyachanganya. Tulipata kusoma tangazo la zabuni la ofisi moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, lililotaka "uchapishaji wa kidijitali" wa vijitabu vya mafunzo. Mzabuni mmoja alielewa kwamba vijitabu vitolewe katika karatasi kwa mtambo wa kidijitali. Mwingine akaelewa kwamba vitayarishwe visomwe katika simu na kompyuta, bila karatasi hata moja. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuelewa alivyoelewa, na bei zao hazikuweza kulinganishwa. Kijitabu cha simu hakimfai mwalimu wa Matema ambaye wanafunzi wake hawana simu, na cha karatasi hakimfai afisa aliyetaka kuwafikia watu wote kwa siku moja.

Tumeona pia tafsiri ambamo mtambo wa kidijitali uligeuka kuwa "vyombo vya habari vya kidijitali". Mtafsiri alikuta neno la Kiingereza lenye maana mbili, mtambo na magazeti, naye hakujiuliza ni ipi. Kosa hilo ni dogo kuliko la kwanza, kwa sababu msomaji hugundua upesi kwamba sentensi haisemi kitu. "Uchapishaji wa kidijitali" ni hatari zaidi kwa kuwa huonekana kusema.

Tofauti ya msingi ni hii. Kuchapa ni kuyatia maandishi au picha katika karatasi. Kuchapisha ni kuitoa kazi hadharani na kuibeba dhima yake. Mchapaji huweza kuchapa kitabu asichokichapisha, na mchapishaji huweza kuchapisha kitabu asichokichapa, au hata kisichochapwa kamwe. Katika mambo ya hakimiliki tofauti hiyo si ya mapambo. Mwenye duka aliyetoa nakala 40 za kitabu cha shule husema, "Mimi sikuchapisha, nimeprinti tu." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiulizi ametumia kitenzi gani. Inauliza kama kazi ya mtu imezalishwa bila idhini. Neno geni limempa mwenye duka mahali pa kujificha bila ya yeye kujua.

Chapa na toleo

Jambo moja katika mitambo mipya linagusa moyo wa istilahi zetu, nalo halijazungumzwa vya kutosha. Katika ofseti, kila ukurasa huhitaji bamba. Gharama ya mabamba na matayarisho hulipwa kabla ya nakala ya kwanza, ndiyo maana kiwanda hupenda kuchapa maelfu kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1993 kampuni ya Indigo ya Israeli na Xeikon ya Ubelgiji zilipoonyesha mitambo ya rangi isiyotumia bamba, hesabu hiyo ilivunjika. Nakala 30 zinaweza kuchapwa leo na 30 nyingine mwezi ujao, na kila moja inaweza kutofautiana na mwenzake.

Sasa tutazame ukurasa wa hakimiliki wa vitabu vyetu vya zamani. Huandikwa "chapa ya kwanza", "chapa ya pili" na kadhalika, kila chapa na mwaka wake. Chapa ni mkupuo wa kuchapa, na toleo ni hali ya maandishi yenyewe. Kitabu kikichapwa mara tano bila kubadilishwa kina chapa tano na toleo moja. Pasipo mkupuo, "chapa ya tano" haina maana, na mchapishaji hushawishika kuiita "toleo la tano" ili ukurasa upendeze. Mwalimu ndiye aumiaye. Darasani hukuta vitabu vya jina moja vyenye kurasa zisizolingana, au "matoleo" mawili yaliyo sawa neno kwa neno, ambayo mzazi amelazimishwa kununua upya.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba "kuchapa" na "uchapaji" yatumike kwa kazi ya karatasi, kwa mtambo wa aina yoyote, na "kuchapisha" kuachiwe kazi ya kutoa hadharani. Kitabu kisicho na karatasi kiitwe "chapisho la kidijitali", na cha karatasi kilichotoka katika mtambo mpya kisemwe "kimechapwa kidijitali". Kuchapa kidogo kidogo kwa kadiri ya maombi kuitwe "uchapaji kwa agizo". "Toleo" lihesabiwe pale tu maandishi yanapobadilika, na kitabu kichapwacho kwa agizo kitaje mwaka wa toleo pamoja na tarehe ya kuchapwa kwa nakala ile.

Wenye maduka ya Kyela hatuwadai lolote ila jambo moja: waendelee kutoza matendo mawili kwa majina mawili. Maafisa wanaoandika zabuni na mikataba ndio tunaowadai wafanye vivyo hivyo.