Skrubu ya nne haikustahili ekstrakta

Kuna video ya fundi akifungua bakuli la kabureta ya Yamaha DT125; mwanzo wake nausema kwa ufupi. Fundi alimwaga petroli kabla ya kugusa kitu, na skrubu tatu za bakuli zikatoka bila mkwaruzo. Kazi safi. Skrubu ya nne ndiyo iliyoharibu siku, na lawama si ya kutu. Ni ya uamuzi wake.

Irudishe pale anapoweka bisibisi chini. Msalaba umelika, limebaki shimo la duara linalong'aa. Sasa tazama kichwa chenyewe: kimekaa juu ya ukingo wa bakuli, kizima, kinashikika pande zote. Mtu mwenye kichwa cha namna hiyo mbele yake ana njia nne au tano. Yeye akachukua drili, akatoboa katikati, akapigilia ekstrakta, kile chuma cha kung'olea skrubu zilizogoma, na kuanza kuzungusha. Mkono unakaza, unakaza tena, kisha unasikika ule mlio mkavu. Ekstrakta imekatikia ndani.

Ingewezaje kutokatika? Skrubu ile ni ya milimita 4, hatua ya hesi 0.7. Ukiondoa hesi, kiini kinachobaki ni milimita 3 na kidogo. Kitoboe kwa biti ya 2.5, na ukuta unaosalia kila upande ni kama theluthi moja ya milimita. Ekstrakta ni kabari: kadiri inavyozama ndivyo inavyotanua ukuta huo na kuigandamiza hesi kwenye mwili wa kabureta, palepale ilipong'ang'ania. Yenyewe nayo ni chuma kigumu kisichopinda, na kwa unene ule inakatika tu. Ikishakatika, biti ya kawaida haiikwaruzi. Kwenye boliti nene za injini naikubali. Kwenye skrubu ya bakuli, sikubali hata kidogo.

Alitakiwa kuanza na vaisgripu, aing'ate kichwa kwa ubavu. Ikiteleza, akate mfereji kwa msumeno wa chuma na kutumia bisibisi bapa, au aweke tindo ndogo pembeni mwa kichwa na kugonga taratibu kuelekea upande wa kufungulia. Kati ya jaribio na jaribio, maji ya moto. Aloi ya mwili wa kabureta hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo joto huipa hesi nafasi. Nasema maji, wala si moto wa gesi, kwa sababu bakuli likiwa bado limefungwa, boya na mipira vimo ndani, pamoja na mvuke wa petroli.

Vyote vikishindikana, ndipo drili inapata kazi, lakini ya kukata kichwa tu. Biti ya 4.5, taratibu, mpaka kichwa kibaki kwenye biti kama pete. Bakuli linanyanyuka, na kipande cha skrubu kinabaki kimesimama. Mkazo mwingi ulikuwa unatoka chini ya kichwa. Ukiondoka, mara nyingi koleo la kawaida linakitoa kile kipande bila ugomvi.

Na ule msalaba ulilika kwa nini? Nimeliandika hili mpaka wasomaji wengine wamechoka, na nitaliandika tena. Skrubu za kabureta za Kijapani, ziwe za Mikuni au Keihin, zilitengenezwa kwa kipimo cha JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya nyota tunayouziwa kila duka ni Phillips, ya Marekani ya miaka ya 1930. Kwa macho zinafanana. Ila kona za ndani za Phillips ni nene zaidi, hazifiki chini ya msalaba wa JIS, basi ncha inaelea, inapanda na kuchubua. Nyingi ya skrubu hizo zina kinukta pembeni mwa msalaba. Kinukta hicho kinaonekana wazi kwenye video! Anayekosa bisibisi ya JIS achukue nyota namba 2, apunguze ncha kidogo kwenye jiwe la kunolea mpaka ikae bila kucheza.

Mafundi niliowakuta mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, enzi za pikipiki za Suzuki A100 hawakujua JIS ni nini, lakini kila mmoja alikuwa na bisibisi yake aliyoinoa mwenyewe, na hakumwazima mtu. Kabla ya kuzungusha walisimamisha bisibisi kwenye skrubu na kuigonga kitako mara mbili tatu kwa nyundo ndogo, kabureta ikiwa juu ya ubao. Kule kugonga kulikuwa kunapasua kutu na kukalisha ncha kwa pamoja. Leo fundi ana sanduku zima la vifaa vya kung'aa na hagongi.

Kabureta ile bado inaokoka, kama mwenyewe anasoma hapa. Asiiguse tena ekstrakta iliyokatika. Achukue tupa nyembamba, akile kichwa kutoka pembeni kuzunguka ile ekstrakta mpaka kiishe, alinyanyue bakuli juu yake, kisha aichovye kabureta kwenye maji ya moto na kukamata kipande kwa vaisgripu. Mahali pa zile nne aweke skrubu za aleni za milimita 4, urefu uleule, na grisi kidogo kwenye hesi.