Juu ya barua ya hukumu ya kufa

Tumesoma barua ya Waziri wa Sheria ya tarehe 13 Machi 2024, iliyorudisha kuuawa kwa waliohukumiwa kufa, jambo lililosimama tangu 2003. Inataja wasaliti wa inchi ndani ya jeshi na wanyang'anyi wa mijini. Uchungu huo tunaujua: Koloneli Mamadou Ndala aliuawa karibu na Mavivi yetu, tarehe 2 Januari 2014. Novemba ya mwaka ule tribinali ya askari huko Beni ilimhukumu ofisa mmoja kufa. Mauaji ya raia, yaliyoanza Oktoba, hayakukoma. Wengine hujibu: ni kwa sababu hakuuawa. Lakini mwenye kuingia msituni na panga amekwisha kuzoea kifo; risasi ya Serikali itamtisha nini? Tena tribinali ikikosea, nani atamfufua mtu? Tangu 2018 Katekisimo, namba 2267, yaikataa adhabu hii. Kulisoma neno hilo mbele ya wafiwa ni kazi ngumu, katekista asiliruke.