'Bado Mapema' na uongo tunaojiambia

Baadhi ya wazee wenzangu hapa Mji wa Kale wanashangaa profesa wa Kiswahili kukaa na albamu ya muziki wa kompyuta. Basi na washangae. *Everyone's Just Winging It and Other Fly Tales*, albamu ya kwanza ya Blinky Bill peke yake (2018) baada ya miaka yake na kundi la Just a Band, ina la kutufunza. Ukumbi huu ni wa lugha, kwa hivyo nitashika majina ya nyimbo kuliko ala.

Jina la albamu lenyewe limenikera. Maana yake ni kwamba kila mtu anababaisha tu: anajifanya anajua aendako, kumbe wapi! Kubabaisha ni neno moja, tena lina ladha. Mbona msanii ameliacha mlangoni?

Ndani mambo ni mengine. Chukua 'Bado Mapema'. Hebu jiulize, msomaji, nani husema hivyo? Si aliyefika saa mbili ya usiku. Husemwa saa nane, na anayesema hatoi habari za wakati; anajizuia kuitazama saa. Hapo ndipo kile kiambishi -ji- cha kujidanganya kinapofanya kazi yake: mdanganyaji na mdanganywa ni mtu mmoja.

Halafu 'Mungu Halali'. Lisome kama kitenzi, Mungu hasinzii. Lisome kama neno tulilopokea kutoka Kiarabu, utapata kinyume cha haramu. Herufi zile zile, mkazo ule ule. Muktadha ndio uamuao. Kwangu ndilo jina bora, maana linalijibu lile la albamu: wote wanababaisha, ila yuko Mmoja aliye macho. Aliyedhulumiwa hulitamka kwa sauti ya chini, na mdhalimu hujipa moyo kwamba halimhusu.

Na hao wasemao ati huu si muziki wetu, nawauliza: Juma Bhalo alipoimba mashairi ya Kimvita kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na Maulidi Juma alipopigiwa kinanda cha umeme arusini, mlitunza au mliondoka? Taarabu mnayoiita ya asili ilikuwa majaribio siku zake.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Bhalo alisimama juu ya shairi kamili, lenye vina na mizani. Blinky Bill husimama juu ya mdundo, na maneno mara nyingine huachwa yakining'inia. Kwa hilo namlaumu. Kompyuta siilaumu.