Sikio la Mpima Usemi katika Pwani ya Wabajuni

Miongoni mwa kazi za utabibu ambazo hazijapewa heshima yake ni ile ya kumsikiliza mtu mzima ambaye usemi wake umeharibika, na kuamua kwa ushahidi wa sauti yenyewe ni sehemu gani ya ubongo, neva au misuli iliyopatwa. Mgonjwa wa aina hii anajua anachotaka kusema na maneno yake anayo, ila pumzi, zoloto, kaakaa laini, ulimi, taya na midomo haviitikii tena kama zamani. Misuli hiyo ikilegea, ikikakamaa au ikikosa kwenda pamoja, hali hiyo huitwa disathria. Na pale misuli inapokuwa na nguvu zake lakini ubongo umepoteza uwezo wa kuipangia mwendo wa kutamka, huitwa apraksia ya usemi. Zote mbili ni tofauti na afasia, ambayo ni kuharibika kwa lugha yenyewe, ingawa kiharusi kimoja chaweza kuzileta kwa pamoja, na hapo ndipo ustadi wa mpimaji unapojulikana.

Kazi hii kama inavyofanywa leo inasimama juu ya msingi uliowekwa na Frederick Darley, Arnold Aronson na Joe Brown wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambao mwaka 1969 walichapisha matokeo ya kuwasikiliza wagonjwa 212 wa makundi 7 ya maradhi ya neva, wakiupima usemi wa kila mmoja kwa vigezo 38. Chombo chao kikuu kilikuwa sikio. Walionyesha kwamba aliyeumia serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma unaoratibu mijongeo, hutamka kwa kuyumba na kutia mkazo kwenye silabi zisizostahili. Kwamba mgonjwa wa Parkinson husema kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Na kwamba ambaye neva za kaakaa lake zimedhoofika husemea puani. Ni ugunduzi mkubwa, lakini sikio lile lilifunzwa kwa wasemaji wa Kiingereza, na haliwezi kuhamishwa hivi hivi hadi pwani ya Kismayu, kusini mwa Somalia.

Kuanzia Kismayu kwenda kusini hadi Ras Kamboni, na katika visiwa kama Koyama, Chovai na Chula, Wabajuni, wenyeji wa asili, husema Kibajuni, kiitwacho pia Kitikuu, lahaja inayovuka mpaka hadi Kiunga na Faza nchini Kenya. Huko mtu ni mchu, na tatu ni chachu. Mpimaji aliyezoea Kiswahili sanifu pekee anaweza kuandika kwamba ulimi wa mzee unateleza kwenye sauti ya t, kumbe mzee anasema kama alivyosema baba yake. Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu haionekani. Lahaja za kaskazini zimehifadhi mpumuo unaotenga paa mnyama na paa la nyumba, na tofauti hiyo hutegemea muda mfupi mno kati ya kufunguka kwa midomo na kuanza kutetema kwa nyuzi za sauti. Ugonjwa unaovuruga mpangilio wa mijongeo huweza kuanza kwa kuila tofauti hiyo, na sikio ambalo halikuwahi kuusikia mpumuo ukiwepo haliwezi kuusikia ukipotea.

Upimaji wenyewe hauhitaji vyombo vya fahari. Mgonjwa huketishwa, akaambiwa atoe ulimi, na mpimaji akatazama kama umekonda upande mmoja au una vijitetemo kama minyoo chini ya ngozi, dalili ya neva inayoulisha msuli kufa. Kisha huambiwa ashike a moja ndefu kwa pumzi moja, halafu akariri pa, ta na ka kwa kasi, kwa kuwa pa ni kazi ya midomo, ta ya ncha ya ulimi na ka ya mgongo wake, na inayochelewa hujitaja. Kioo kidogo huwekwa chini ya pua huku akisema "baba alipika papa", maneno yasiyo na sauti hata moja ya puani, hivyo kioo kikifanya ukungu, kaakaa halizibi. Huhesabu kwa sauti kwa dakika kadhaa, na kama usemi unafifia kisha unarudi baada ya mapumziko, mpimaji hushuku miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi kupita kiasi. Kwa apraksia, Kiswahili kina neema yake: pika, pikia, pikiana, hawakupikiana. Neno hurefuka juu ya mzizi uleule, na mgonjwa wa apraksia hukwama zaidi kadiri linavyorefuka, akiutafutatafuta mkao wa ulimi, akikosea leo hivi na baadaye vingine. Mtu huyo huyo anaweza kuisoma Fatiha bila kusita, kwa sababu maneno yaliyozoeleka tangu utotoni hupita njia ambayo ugonjwa haukuifunga.

Wala pwani hii si ngeni kwa elimu ya kinywa. Sibawayhi aliyeandika sarufi ya Kiarabu katika karne ya 8 alizipanga herufi kwa mahali zinapotokea, na kila mwalimu wa chuo anayemrekebisha mtoto makharija ya Kurani ni mrithi wa elimu hiyo. Sikio la mwalimu huyo, linalojua kama ha imetoka katikati ya koo au mwisho wake, ni nusu ya safari ya mpimaji.

Wabajuni wengi wa Kismayu husema pia Kisomali, na hilo humsaidia mpimaji aliye makini: misuli ni ile ile, kwa hiyo disathria hujitokeza katika lugha zote mbili, ilhali mtu anayeshindwa kwa Kibajuni na kusema sawasawa kwa Kisomali anahitaji uchunguzi wa aina nyingine.

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni hadi Lamu, Mombasa na Uingereza, na kipimo cha usemi wao ulio mzima kimetawanyika nao. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na wataalamu wa Afrika Mashariki wapo. Wakae na wazee wa Kibajuni walio wazima, wawarekodi wakihesabu, wakisimulia uvuvi na kusoma dua, na rekodi hizo wazifanye kipimo kabla mgonjwa mmoja zaidi hajapimwa kwa lugha isiyo yake.